Uji wa oti wenye viungo utoke mzito na mlaini, mnafanyaje?

Nasra_Asubuhi

Habari zenu wadau wa jikoni. Naomba msaada kuhusu uji wa oti, mi ni mtu wa uji kweli kweli na zile asubuhi za baridi au za mvua sitaki kitu kingine kabisa, nataka bakuli la moto linalonukia mdalasini na iliki nile taratibu kabla pilika za siku hazijaanza. Sasa kinachonisumbua ni ule ulaini. Kuna uji mwingine ukila unakuta mzito halafu laini, umeshikana vizuri, huoni maji pembeni wala hukutani na bonge. Wangu unatoka kwa namna mbili tu, ama chembe zimekaa chini na majimaji yako juu, ama umekaza kama gundi. Viungo navyo ni hivyo hivyo, mdalasini unaelea juu vidonge vidonge vya kahawia, ukionja unausikia unga wake kwenye ulimi lakini uji wenyewe haujanukia.

Natumia oti bapa za kawaida, maji na maziwa vinaingia pamoja, viungo naweka mwishoni. Je siri iko kwenye aina ya oti au kwenye upishi? Maziwa yaingie saa ngapi? Na tangawizi mbichi mnaiwekaje maziwa yasikatike? Mwenye uzoefu ashushe madini hapa, nitashukuru sana.

Mwiko_Mrefu

Dada Nasra karibu sana, hili swali umeuliza penyewe. Siri iko kwenye upishi, aina ya oti inafuata baadaye. Ndani ya oti kuna nyuzinyuzi zinaitwa beta-glukani, zikikaa kwenye maji ya moto zinayeyuka na kuyafanya maji yenyewe kuwa mazito na ya kuteleza, halafu kuna wanga nao unavimba na kutoka nje ya chembe kidogo kidogo jinsi unavyokoroga. Ule ulaini unaoutafuta ni hivyo vitu viwili tu, na vyote vinataka muda, moto mdogo na mkono wako kwenye mwiko. Wala huhitaji kuongeza unga wala krimu, watu wengi wanakimbilia krimu wakati uji haujaiva bado.

Kwa watu wawili mi napima hivi, kikombe kimoja cha oti bapa, maji vikombe viwili, maziwa kikombe kimoja. Weka maji, oti na chumvi kiduchu (chumvi usiiache hata kama uji ni wa sukari, inakata ule uchungu kidogo wa oti na kuuamsha utamu) kwenye sufuria ukiwa moto wa kati, ukianza kutokota shusha moto uwe mdogo kabisa. Hapo sasa koroga taratibu kwa mwiko wa mbao ukikwangua chini na kwenye kona za sufuria, kama dakika 5 hadi 7, utaona kwanza maji ya juu ni meupe mepesi halafu ghafla yanabadilika yanakuwa ya ukungu mzito, zile chembe zinaacha kuzama na zinaanza kutembea pamoja na mwiko. Maziwa yanaingia hapo, yawe ya vuguvugu na uyamimine kidogo kidogo huku unakoroga, usiyatupie yote ya baridi kwa mpigo maana uji unapoa na kupika kunaanza upya. Dakika nyingine 3 au 4 zinatosha. Kujua umeiva pitisha mwiko katikati ya sufuria, ile njia inabaki wazi kidogo halafu inajifunga yenyewe polepole, na mapovu yanapasuka moja moja tena kwa uvivu.

Kitu kimoja muhimu, zima moto uji ukiwa bado mwepesi kuliko unavyoutaka, funika uache dakika 2 au 3. Unaendelea kujikaza wenyewe hata ukiwa umeshaupakua, ndio maana ukiuzimia pale ulipopendeza, ukifika mezani umeshakuwa gundi. Na sukari iwe ya mwisho, ikiingia mapema inashindana na wanga kugombea maji na uji unachelewa kushika, tena inaungua chini.

Bakuli_la_Moto

Mkuu Mwiko nakuheshimu ila kwenye maziwa tunapishana. Mi naanza nayo tangu mwanzo, nusu maji nusu maziwa, na uji unatoka na utamu ambao maziwa ya mwisho hayaleti, yale maziwa yanakaa na oti yanapungua taratibu yanakuwa mazito yenyewe. Sharti ni sufuria yenye kitako kizito na usiondoke hata hatua mbili, maana maziwa yakianza kupanda juu yanamwagika mara moja, na yakishika chini uji wote unanukia kuungua, huna cha kufanya tena.

Halafu mi oti nazikaanga kwanza. Siagi kijiko cha chai ikiyeyuka natupia oti kavu nageuza geuza dakika 2 au 3 mpaka zinukie kama karanga, rangi ibadilike kidogo tu, ndio namimina vya maji. Ladha inakuwa nyingine kabisa.

Mwiko_Mrefu

@Bakuli_la_Moto kwa mtu mwenye muda wa kusimama hapo sikatai, utamu unaupata. Lakini protini na sukari ya maziwa ndivyo vinavyozama na kushika chini, kwa hiyo kwa asubuhi ya kukimbizana mtu aanze na maji, oti zilainike zenyewe kwanza. Kuhusu kukaanga nakubaliana na wewe asilimia mia.

Nimesahau aina za oti. Zile bapa zimepitishwa kwenye mvuke halafu zikakandamizwa, hizo ndizo nzuri kwa uji wa namna hii. Zile za kuiva haraka zimekandamizwa nyembamba zaidi na kukatwa, zinaiva dakika 1 au 2 ila zinapondeka, unapata uzito bila chembe hata moja ya kutafuna. Zile za kukatwa kwa chuma, yaani punje nzima imekatwa vipande viwili vitatu, zinataka dakika 25 hadi 30 na maji mengi, vikombe 3 au 4 kwa kikombe kimoja, ila zina utafunaji mtamu sana. Hizo ukizilowesha usiku kucha muda wa kupika unapungua sana. Hata zile bapa ukizilowesha usiku ukapika na maji yale yale (usiyamwage, ule uzito umeshaanza kutokea humo) uji unawahi kulainika.

Iliki_Nzima

Naona mmeongea uji, mi niongee viungo maana hapo ndipo dada Nasra anapopoteza harufu yote.

Harufu ya mdalasini, iliki, karafuu na kungumanga imo kwenye mafuta yaliyomo ndani ya viungo vyenyewe, na mafuta hayo yanatoka vizuri zaidi yakikutana na mafuta kuliko maji. Ukinyunyizia unga wa mdalasini juu ya uji ulioiva ni sawa na bure, ule ni unga wa gome la mti hauyeyuki, utaelea tu hivyo vidonge unavyoviona. Kwa hiyo ile siagi ya Bakuli ndio mahali pake, ikishayeyuka weka viungo vya unga kwanza, moto mdogo, koroga nusu dakika mpaka harufu ikupande puani, hapo hapo weka oti zizunguke humo. Usisubiri zaidi maana viungo vya unga vikiungua vinakuwa vichungu. Kama hutumii mafuta kabisa bas changanya ule unga na oti kavu kabla ya maji, walau hautaganda vidonge.

Kiasi kwa kikombe kimoja cha oti mi naweka mdalasini nusu kijiko cha chai, iliki punje 3 na kungumanga ya kukuna mara mbili tatu tu juu ya grata. Karafuu ni moja, nzima, inachemka na maji halafu naitoa, karafuu ya unga kwenye uji ni rahisi sana kuzidi ikameza kila kitu. Iliki usinunue ya unga kama unaweza kuepuka, ikishasagwa inapoteza harufu haraka mno, wewe pasua ganda, toa zile mbegu nyeusi zinazonata kidogo, zitwange hapo hapo na chembe ya sukari zisikimbie kimbie kwenye kinu. Utaona tofauti hata kabla hujawasha moto, jikoni kote kutanukia.

Na kungumanga tafadhali iwe kiduchu kweli, ikizidi inaleta kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, sio kiungo cha kupima kwa kijiko. Mdalasini nao kama ni mtu wa kula uji kila siku tafuta ule wa Ceylon, gome lake ni jembamba na limejikunja tabaka nyingi. Ule mwingine wenye gome nene moja una kumarini nyingi (kemikali ya asili iliyomo kwenye gome), na ukila mwingi kila siku kwa muda mrefu sio mzuri kwa ini.

Mama_Wawili

Nijibu la tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, ndio maana maziwa yanakatika yanakuwa chembe chembe. Dawa yake ni joto. Ikwangue, itupie kwenye yale maji ya mwanzo pamoja na karafuu, ichemke dakika 4 au 5 ndio uweke oti, maziwa yakija baadaye hayasumbui tena. Ukitaka isiwe na nyuzi mdomoni chuja hayo maji kwanza. Kwa kikombe cha oti kipande cha urefu wa kidole gumba ni kikali tayari, anza na nusu yake.

Halafu mpendwa kabla ya yote zinuse oti zako zikiwa kavu. Oti zina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi na zikikaa wazi muda mrefu zinachacha, zinanukia kama rangi ya ukutani na uji unakuwa na uchungu ambao hakuna mdalasini wa kuufunika. Weka kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na jiko.

Nasra_Asubuhi

Jamani nyie watu Mungu awabariki, nimesoma mara mbili mbili. Leo nimefanya ya siagi na viungo kwanza, maji, maziwa mwishoni, nimekwangua chini kama Mwiko alivyosema na ile njia ya mwiko nimeiona inavyojifunga polepole, uji umetoka mzito wa kuteleza sijawahi kuupata nyumbani kwangu. Iliki ya kutwanga ni kitu kingine kabisa, watoto wamekuja jikoni wenyewe bila kuitwa.

Nimebaki na mawili. Mume wangu hatumii maziwa ya ng'ombe, nimfanyieje apate ulaini ule ule? Na mtoto wangu wa mwisho ana miezi kumi, naweza kumpa huu huu? La nyongeza, uji unaobaki mnaufanyaje maana ukipoa unakuwa jiwe.

Mama_Wawili

Kwa baba tumia tui la nazi, ila tui zito lisichemke kwa nguvu maana linakatika, mafuta yanajitenga. Pika oti na maji au tui jepesi mpaka ziive kabisa halafu lile zito liingie mwisho, koroga likipata moto tu zima. Nazi na iliki zinapendana sana, hapo punguza mdalasini iliki isikike. Njia nyingine ni ndizi mbivu kabisa, ile ya madoa meusi, iponde uma mpaka iwe laini uiweke pamoja na maji tangu mwanzo, inaleta uzito na utamu, hata sukari unaweza usiweke. Siagi pia ni ya maziwa usisahau, kwake kaangia mafuta ya nazi.

Wa miezi kumi mchotee wake kabla ya chumvi na sukari, umlainishe zaidi, viungo kidogo tu. Asali usimpe kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, hata ile ya kupikwa ndani ya uji, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaoleta ugonjwa mbaya kwa mtoto mchanga na moto wa uji hauziui. Na karanga au siagi ya karanga usimwekee nzito ya kukaba.

Bakuli_la_Moto

Kuongezea hapo kwa baba, kama ana shida ya ngano pia aangalie paketi, oti zenyewe sio ngano ila mara nyingi zinalimwa na kusagwa mahali pamoja na ngano, ziko zilizoandikwa hazina gluteni (protini ya ngano). Na kama anafuatilia kolestro huu uji umfae, ile beta-glukani aliyoitaja Mwiko ndiyo hiyo hiyo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu tangu 1997 paketi za oti ziandikwe kuwa zinaweza kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, kiwango kinachotajwa ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku ndani ya mlo usio na mafuta mabaya mengi. Ila sukari vijiko vitano juu yake hapana jamani, mwekee tende zilizokatwa au tofaa la kukwaruza dakika za mwisho.

Iliki_Nzima

Matunda machachu kama chungwa au nanasi yawekwe juu ya bakuli wakati wa kula, ukiyapika ndani na maziwa yatakatika.

Mwiko_Mrefu

Uliobaki dada weka kwenye friji ndani ya chombo cha kufunika ukishapoa, usiuache mezani mchana kutwa, unakaa siku 3 hivi bila shida. Ukitaka kuupasha usiweke uji peke yake kwenye moto, utaungua chini wakati katikati bado ni bonge la baridi. Tia maji au maziwa kwanza kama robo kikombe kwa bakuli moja, uponde ponde na uma ukiwa bado wa baridi mpaka uachane, ndio uwashe moto mdogo ukoroge mpaka utokote. Harufu ya viungo itakuwa imepungua, kwa hiyo ikune kungumanga ile ya Iliki mara moja tu juu kabla ya kula.