Presha na safari za Dar–Lubumbashi, madereva wenzangu mnaishi nayo vipi?

Mtu wa Semi: Wakuu heshima kwenu. Napiga lori Dar kwenda Lubumbashi, umri miaka 44. Nilipimwa presha ikasoma 158/100, nikarudi siku nyingine iko palepale, daktari kaniandikia amlodipine na kidonge kingine cha kukojosha. Sasa hicho cha kukojosha ndo balaa, nikikimeza asubuhi hata Chalinze sijafika nishasimama mara kibao, na pale mlima Kitonga unasimama wapi na tela nyuma? Nafikiria nikiache. Kuna mshikaji pia anasema ukianza dawa za presha huachi tena, bora kitunguu saumu. Mnafanyaje wenzangu?

Dada wa Dirishani: Kaka usikiache kimyakimya. Rudi uwaambie kazi yako ni dereva, dawa za presha ziko aina nyingi tu, watakubadilishia au watakupangia saa nyingine ya kumeza. Hiyo amlodipine haina habari ya kukojosha sana ila inaweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo, ukiona hivyo sema, usiitupe. Kitunguu saumu weka kwenye mchuzi ule, ila 158 hakiiwezi. Halafu nikuulize, mgongo unauma? Maana madereva wakija kwangu dirisha la dawa ni diclofenac, diclofenac, na hiyo dawa ya maumivu inapandisha presha, ibuprofen nayo vilevile, ukichanganya na dawa ya kukojosha figo nazo zinapata shida.

Mzee wa Mizani: Mdogo wangu mimi na presha tunajuana siku nyingi. Nina jiko dogo la gesi, nikifika Ruaha Mbuyuni nachukua vitunguu, Ilula nyanya, tandiboi anapika, chumvi kidogo sana, ndimu na pilipili zinamaliza kazi. Wanasema chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, sasa we kula chipsi za stendi halafu unanyunyizia tena juu, hapo umeshamaliza ya kesho. Vinywaji vya enaji navyo achana navyo, ukichoka paki ulale. Foleni ya mpakani Tunduma ikikaa usilale tu kwenye kebini siku nzima, shuka utembee. Na ukipima presha usipime umeshuka garini sasa hivi, mkojo umekubana na sigara mkononi, kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea na mkono juu ya meza.

Mombasa–Malaba: Mkuu wewe unakoroma? Turnboi wangu ndiye aliniambia nikilala pumzi inakatika halafu nashtuka. Kama unaamka kichwa kinauma na mchana unasinzia kwa stelingi mwambie daktari, hiyo kitu inapandisha presha hata kama unameza dawa vizuri. Na miraa wacha kabisa.

Mtu wa Semi: Kukoroma nakoroma kweli, wife analalamika. Na diclofenac nilikuwa naona ya kawaida tu dah. Dawa huwa naziweka pale dashibodi nisisahau, ziko sawa?

Dada wa Dirishani: Dashibodi hapana jamani, jua lote lile! Weka kwenye begi la nguo nyuma kitandani, seti alamu ya simu. Beba na za siku za ziada, mpakani huwezi jua utatoka lini. Na tandiboi wako umwambie, akikuona mdomo umepinda, ulimi mzito, mkono mmoja umelegea au kifua kinabana, lori lipaki na mwende hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, asianze kukukamulia limao.