Nyumba ya marhum baba Nyali: bwawa na vioo vikubwa, au kwanza kuta na maji? Naomba ushauri

BintMkomani
Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari zenu nyote.

Marhum baba ametuachia nyumba Nyali, upande wa Mkomani. Ni nyumba ya chini, vyumba vinne, kwenye kiwanja cha nusu eka. Aliijenga miaka ya themanini kwa mawe ya matumbawe na paa la vigae, akaiwekea baraza pana mbele na nyuma na madirisha ya luva za mbao, vile vibao vya kupitisha hewa. Baba ametutoka mwaka jana. Mama sasa anaishi kwangu Tudor kwa sababu ya miguu. Tuko ndugu wanne; kaka mkubwa yuko Dubai, dada yuko Nairobi, mimi na kitinda mimba tuko hapa.

Kaka anataka tuuze na ameshaleta dalali. Dalali anasema ilivyo sasa ni nyumba ya kizamani, na mwenye pesa wa leo anataka bwawa la kuogelea, jakuzi chumbani, jiko la wazi lililoungana na sebule, dari ya jipsamu yenye taa za kufichwa, na upande wa bustani uwe kioo kutoka chini hadi juu. Anakadiria kazi hiyo milioni sita, na anasema zitarudi mara mbili. Sisi tukijikamua sote tutafika milioni nne na nusu.

Mimi moyo wangu unasita. Baraza la nyuma slabu inadondosha vipande na nondo zinaonekana. Ukuta wa chumba cha nyuma unabambuka rangi kila mwaka, hata upakwe nini. Maji ya kaunti yanakuja kwa zamu, na kisima chetu ni cha chumvi. Hati bado ina jina la baba. Katika hayo yote, dalali hajauliza hata moja.

Waliouza, walionunua na mafundi, nielekezeni. Pesa hizi tuanze kuziweka wapi? Na kweli bwawa linaongeza bei?

FundiKisauni
Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee.

Niache bwawa kwanza nizungumzie hiyo slabu, kwa sababu inaweza kumuua mtu. Leo hii weka miti ya kuishikilia kwa chini, na watoto wasicheze hapo.

Huo ndio ugonjwa wa nyumba za pwani. Chumvi inakuja na upepo wa bahari, na mara nyingi ilikuwemo tangu siku ya ujenzi, kwa vile zamani wengi walikoroga zege kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa na maji ya kisima cha chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege inapasuka kutoka ndani. Sasa fundi akija na plasta akaziba, umenunua misimu miwili ya mvua tu, kisha plasta yake nayo inaanguka.

Kazi yenyewe ni hii. Mwite injinia wa majengo aigonge slabu yote kwa nyundo. Panapolia utupu, hapo pameachana. Zege mbovu ivunjwe mpaka nyuma ya nondo, si usoni pake tu. Nondo isuguliwe ing'ae, iliyoliwa sana ikatwe na iungwe mpya, ipakwe dawa ya kuzuia kutu, halafu ijazwe kwa mchanganyiko maalumu wa kukarabati zege. Karibu na bahari zege inayofunika nondo isipungue milimita 40, na 50 ndiyo inayonipa usingizi. Mchanga uwe wa mto, na maji yawe matamu. Hapo usikubali kubembelezwa na fundi yeyote, hata mimi.

Kuhusu kile kioo kirefu: bawaba, skrubu na vishikio vyote viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316. Cha 304 hapa kwetu kinatoa madoa ya kutu upesi, nacho ndicho utakachoandikiwa kwenye bei ya chini.

Jipsamu siisemi vibaya, lakini paa likivuja tone moja dari inafura na kuota ukungu. Kagua vigae na mbao za paa kwanza, na mchwa pia.

MwenyejiShanzu
Mimi nitasimama upande wa bwawa kidogo. Nina nyumba ya kukodisha wageni Shanzu. Desemba na Pasaka, mgeni anayetoka Nairobi na familia anauliza bwawa kabla ya kuuliza vyumba. Kama nia yenu ingekuwa kukodisha kwa siku, ningekwambia chimba.

Lakini mnauza, na bwawa lina mdomo. Linakula dawa, pampu inakula stima, na jua letu linakunywa maji kila siku. Mahali ambapo maji ya mfereji ni ya zamu, lile pengo utalijaza kwa lori. Nyumba ikikaa sokoni miezi bila mnunuzi, bwawa lisilotunzwa linageuka kijani, na kila anayekuja kuangalia ataliona hilo mwanzo.

MamaYusra
Dada yangu, mimi na mume wangu tumezunguka sana Nyali na Bamburi kutafuta nyumba, basi nikupe ya mnunuzi.

Swali langu la kwanza mlangoni ni maji. Tangi la chini la lita ngapi, la juu la ngapi, maji ya kaunti yanakuja siku zipi, kisima kina chumvi kiasi gani. Nimeingia nyumba yenye jakuzi la kifahari na maji ya chumvi yameshaula mfereji wake. Tuliondoka.

La pili ni jiko. Hilo la wazi limeletwa na picha. Mimi nakaanga samaki, napika biriani ya watu ishirini Idi ikifika. Moshi na harufu viende sebuleni kwenye makochi na mapazia? Familia nyingi za hapa zinataka jiko la ndani la kawaida na jiko la nje lenye sinki na mahali pa makaa. Mkilitengeneza hilo kwa baraza la nyuma mkishalirekebisha, wallahi mimi mwenyewe nitakuja kuangalia.

La tatu ni sitara. Tazameni kuzunguka kiwanja chenu, magorofa yamepanda pande zote. Bwawa linaloonekana na roshani za ghorofa ya sita mimi na binti zangu hatuliogelei. Na ule ukuta wa kioo utafunikwa pazia mchana na usiku. Sebule mbili, ya wageni wanaume na ya kina mama, na choo cha wageni chenye mahali pa kutawadha miguu, vyote hivyo havina gharama kubwa na vinatafutwa sana.

Pwani_Uwanja
Ukweli mchungu: nusu eka Nyali, wengi watakaopiga simu ni wajenzi wa magorofa. Wao wananunua kiwanja. Siku ya pili tingatinga iko getini, na jakuzi lenu linaenda na kifusi. Amueni kwanza mnamuuzia nani. Kama ni mjenzi, msitumie hata shilingi zaidi ya kusafisha karatasi.

WakiliMstaafu
Binti, nakupa pole. Naona wenzangu wanazungumza saruji nami nimesimama kwenye ile sentensi yako moja, kwamba hati bado ina jina la mzee.

Hamwezi kuuza. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 82, inakataza kuuza mali isiyohamishika ya marehemu kabla idhini ya kusimamia mirathi haijathibitishwa na mahakama. Kwa kuwa nyinyi ni Waislamu, Mahakama ya Kadhi inaweza kushughulikia mirathi yenu mkikubali nyote kwenda huko. Uwezo huo umo kwenye Ibara ya 170 ya Katiba. Mama ana fungu lake, naye lazima ashirikishwe, si kuarifiwa. Dalali asichukue hata amana ya mnunuzi kabla ya hapo. Na mwulizeni cheti chake kutoka bodi inayosajili madalali wa nyumba na ardhi. Aliye halali hakasiriki kuulizwa.

Sasa sikiliza la kodi, maana hapa ndipo muda unapokuwa pesa. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla yake ilikuwa 5. Lakini mali ya marehemu inayouzwa kwa ajili ya kugawa mirathi ina msamaha ikiwa mauzo yatakamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo, au muda ambao Kamishna wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, atauongeza. Mzee amefariki mwaka jana. Hesabuni miezi ya mahakamani, kisha miezi ya kuchimba bwawa na kujenga ukuta wa kioo, mtaona mnaweza kuupoteza msamaha huo kwa sababu ya mapambo. Onaneni na mhasibu wa kodi mwezi huu.

Mengine kwa haraka. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4, naye mnunuzi ndiye anaulipa, kwa hiyo atauhesabu kwenye bei anayowapa. Angalieni kama ardhi ni ya kumiliki moja kwa moja au ya kukodi kutoka serikalini, na kama ni ya kukodi imebaki miaka mingapi. Lipeni madeni ya kodi ya ardhi ya kaunti mpate cheti. Kila risiti ya ukarabati itunzwe, kwani msamaha ukiwapita, gharama hizo zinapunguza faida inayotozwa.

Kibokoni_Kwetu
Nimeona habari ya ukuta unaobambuka. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, ambao ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na kwa kupitia ofisi ya uhifadhi ndipo nilipojifunza haya.

Mawe ya matumbawe yana vitundu. Yananyonya unyevu kutoka ardhini na yanataka kuutoa. Zamani walipiga chokaa, na chokaa inapumua. Ukipiga saruji na kupaka rangi ya plastiki juu, unyevu unakwama, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Ndiyo maana kila mwaka mnapaka na kila mwaka inabambuka. Bandueni saruji ya ukuta ule, uacheni ukauke kwa miezi ya kaskazi, kisha upigwe chokaa iliyolowekwa vizuri na kumaliziwa kwa rangi ya chokaa. Angalieni pia kama maji ya paa au ya septiki yanatuama nyuma yake.

Na nawaombeni, msing'oe luva. Mzee wenu aliijua hewa. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili inaendelea hadi karibu Oktoba, na nyumba yenye baraza na luva pande mbili inapitisha upepo mwaka mzima. Kioo cha ukuta mzima kikitazama machweo kitaifanya sebule tanuri, na mnunuzi atalipa stima ya kiyoyozi kwa kitu ambacho upepo ulikuwa ukimpa bure. Zitengenezwe, zitiwe nyavu za mbu, zipakwe mafuta. Hiyo ndiyo nyumba ya fahari kwa mji huu, mimi nasema bila kuogopa.

BintMkomani
Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea mama uzi wote na jana usiku tumekaa na kaka kwa simu.

Tumekubaliana mambo haya. Jumatatu tunamwona wakili kuhusu mirathi, na mama anakwenda nasi. Mjenzi wa magorofa hatumkatai, ila hatumtafuti; mama anapenda aingie mwenye familia, na sisi tunapenda analolipenda. Slabu, paa, ukuta wa nyuma, matangi na luva ndiyo kazi yetu. Jiko la nje la MamaYusra limempendeza dada mno. Bwawa tumeliacha. Jakuzi pia. Kaka hakufurahi, lakini lile la miaka 2 alilielewa mara moja.

Swali kwa FundiKisauni: kwa matangi, tukitaka mnunuzi wa familia ya watu wanane au kumi aridhike, tuweke lita ngapi? Na kisima cha chumvi tukifukie?

FundiKisauni
Usikifukie. Tenganisha mifereji: kisima kiende vyooni na bustanini kwa mifereji ya plastiki pekee, pasiwe na chuma njiani, maji matamu yaende jikoni, bafuni na kwenye mashine ya kufulia. Mistari miwili isikutane mahali popote, na kila mmoja uwe na rangi yake ili fundi wa kesho asikosee.

Kwa watu kumi, kadiria lita 100 za maji matamu kwa kila mtu kwa siku, yaani 1,000. Zamu ikikawia siku kumi unahitaji 10,000. Basi tangi la chini 10,000 na la juu 2,000, nalo la juu likae kwenye mnara wake, lisipandishwe kwenye ile slabu ya baraza hata baada ya kurekebishwa. Tangi la chini liwe mbali na septiki, na upande ambao ardhi iko juu zaidi, kwa sababu mwamba wetu wa matumbawe unapitisha maji machafu kwa urahisi.

Kontrakta mtakayempa kazi ya slabu awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ulizeni kaunti ni kibali gani kinahitajika kabla ya kuvunja. Pigeni picha za nondo zikiwa wazi, kabla hazijazikwa tena, na muweke pamoja na ripoti ya injinia. Mnunuzi mwenye akili atazitaka.

MamaYusra
Mkimaliza jiko la nje, niandikieni kwa ujumbe wa faragha. Sisemi kwa mzaha, bado tunatafuta.