Naomba ushauri: simu hii mpya, ama niongeze pesa?

Hamjambo wadau. Kuna simu mpya naipigia hesabu hapa Luthuli Avenue, Nairobi: betri mAh 5,000, chaji wati 18, kioo inchi 6.7 cha pikseli 720 kwa 1600, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 4, hifadhi GB 128. Betri sina shida nayo. Kioo cha pikseli chache hivyo hakili chaji sana.

Kinachonitia shaka ni hifadhi: ni eMMC 5.1 (aina ya zamani, ya polepole), si UFS (aina ya kasi zaidi). Ikikaribia kujaa, programu hufunguka kwa kusuasua. RAM nayo ikibanwa, mfumo huzifunga programu ulizoacha wazi nyuma; unatoka kwenye programu ya M-Pesa kunakili namba ya till, ukirudi inakudai PIN upya. Hiyo RAM ya "GB 8" iliyoandikwa kwenye boksi ni GB 4 halisi na GB 4 zilizokopwa kwenye hifadhi hiyo hiyo ya polepole, kwa hivyo msinishawishi nayo. Kamera, megapikseli 50 bila OIS (kifaa cha kutuliza lenzi mkono ukitikisika): usiku mkono ukitikisika kidogo, picha ni ukungu.

Waliokaa na eMMC zaidi ya mwaka, kuzima hiyo RAM ya kukopa kunasaidia? Ama nitafute ya UFS 2.2 na RAM GB 6, hata ya mkono wa pili, mradi nikague betri na kulinganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayotokea kwa *#06# na ile ya kwenye boksi?