Msaada: bakteria wenye plazmidi ya G6PD ya binadamu hawaoti

Kijana_wa_Maabara: Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa G6PD, kile kimeng'enya ambacho mtu akipungukiwa nacho kisha akapewa primakwini ya malaria, chembe zake nyekundu za damu zinapasuka. Nimeletewa kutoka nje kichupa cha bakteria wenye plazmidi (kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria hubeba) iitwayo pDONR223, iliyobeba jeni ya kimeng'enya hicho. Ninachotafuta ni protini yenyewe, niipime. Sasa kila nikiwapanda kwenye aga (ute mgumu wa kuoteshea) yenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria wasio na plazmidi, kesho yake sahani tupu, hata koloni moja hakuna. Kwenye aga isiyo na dawa wanaota vizuri tu. Je, plazmidi imepotea njiani? Kuagiza upya ni gharama, naombeni mawazo yenu.

Dada_Pipeti: Pole mdogo wangu, usiagize chochote bado. Fungua ramani ya plazmidi. pDONR223 haina kinga ya ampisilini, kinga yake ni ya spektinomaisini. Weka mikrogramu 50 hadi 100 kwa kila mililita ya aga. Halafu wale walioota pasipo dawa waache. Bila dawa bakteria hana sababu ya kuendelea kubeba plazmidi, na wengine huipoteza. Rudi kwenye kichupa cha mwanzo.

Mzee_wa_Jeli: Dada kamaliza upande wa kuotesha. Ila kijana, hata wakiota, protini hutaipata humo. pDONR223 ni ghala la kutunzia jeni tu, haina promota, yaani swichi ya DNA ya kuifanya isomwe iwe protini. Ihamishe kwa mmenyuko wa LR (njia ya kuhamisha jeni kutoka plazmidi moja kwenda nyingine) kwenda pDEST17, plazmidi ya kutengenezea protini yenye kinga ya ampisilini, promota ya T7 na lebo ya histidini sita ya kuisafishia protini, kisha uiingize kwenye BL21(DE3), bakteria wa E. coli wa kutengenezea protini. Hapo ndipo ampisilini yako itafanya kazi. Na waulize waliokutumia kama jeni ina kodoni ya kusimamisha, yaani alama ya mwisho wa protini. Nyingi za aina hiyo huachwa bila kodoni hiyo ili mtu aweze kuunga lebo mwishoni, na ikikosekana, ribosomu, mashine ya seli ya kuunda protini, inapitiliza na protini inatoka na mkia usioutaka.

Kijana_wa_Maabara: Asanteni sana, nimepumua. Swali moja: jeni hii ina egzoni 13 (vipande vinavyobeba maelezo ya protini), na E. coli hajui kuondoa introni zilizo katikati yake. Itakuwaje?

Dada_Pipeti: Hilo lisikusumbue. Kilichomo ni nakala iliyotokana na mRNA, ujumbe ambao seli hutoa kutoka kwenye jeni, introni zilishaondolewa: herufi 1,548 pamoja na kodoni ya kusimamisha, zinazotoa amino asidi 515. Ila tafadhali, soma mfuatano wote wa DNA kabla ya kuihamisha. Kazia macho nafasi ya 202 na ya 376. Ukikuta herufi A kwenye 202 na herufi G kwenye 376, unayo aina ya jeni iitwayo A-, ile yenye upungufu iliyoenea kwetu Afrika. Kama unataka kimeng'enya kisicho na upungufu cha kulinganishia, lazima uwe na G kwenye 202.