Maktaba ya kijiji na watu wa kuja: tununue vitabu vya kigeni au?

Mwalimu_Kusini
Assalaam aleykum wanabaraza. Mie nnajitolea kwenye kijimaktaba cha kijiji huku ukanda wa Paje na Jambiani, kusini Unguja, chumba kimoja tu kando ya skuli, vitabu vya masomo pamoja na marundo ya riwaya za Kiingereza tulizopewa msaada, hazina msomaji zinakula vumbi. Sasa kijiji si kile tena, ukenda dukani unakutana na watu wa bara wanaofanya kazi mahotelini, Wakenya, vijana wa Kimaasai wanaouza shanga pwani, Wataliana na Wapolandi waliokwisha kujenga kabisa. Ila maktaba huwaoni, hata watoto wao. Kamati imepata vijisenti inataka kununua vitabu vya Kitaliana na Kifaransa eti tuwe wa kimataifa. Moyo unanambia sivo lakini sijui niwajibu nini. Kujiunga kwetu ni barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), picha mbili za paspoti na ada ya mwaka. Wenye uzoefu nisaidieni.

kijana_wa_Maisara
Waaleykum salaam maalim. Hapo kwenye barua ya sheha ndo ushajijibu mwenyewe. Mtu kahamia juzi kapanga chumba cha uani, sheha hamjui na yeye pengine anamkwepa kwa mambo ya vibali, halafu umwambie akachukue barua ndo aje asome gazeti! Kusoma mule mule ndani wacha aingie anaetaka, masharti yaweke kwenye kuazima tu, na hata huko dhamana ndogo inatosha. Toronto ukiwa unaishi mjini, unafanya kazi au unasoma pale, kadi ya maktaba unapata bure, si lazima uwe raia. Na tamko la UNESCO na IFLA, shirikisho la maktaba duniani, la 1994 kuhusu maktaba za umma limesema huduma ni kwa wote bila kujali dini, utaifa wala lugha. Kawasomee hilo kamati yako.

mpemba_halisi
Samahanini lakini mie sikubaliani. Watoto wetu Micheweni wanagombania kitabu kimoja darasani nyie mnahangaika na Mtaliana mwenye vila?? Akitaka kitabu si anunue mtandaoni. Pesa ikipatikana wanunuliwe wanafunzi vitabu, basi.

bint_Wete
@mpemba_halisi kaka yangu, kwa Mtaliana wa vila nakuunga mkono mia kwa mia. Ila mtu wa kuja si yeye peke yake. Sie Wapemba ndo watu wa kuja wa pwani nzima hii, kaulize Tanga, Mombasa, Kariakoo. Jamaa zetu wa Kilifi na Kwale ni wavuvi, wengi wamezaliwa kule kule na wazee wao wamezikwa kule, na wamekaa miaka na miaka hawana vitambulisho mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua 2023. Bila kitambulisho hata laini ya simu huisajili kwa jina lako, akaunti ya benki ndo usiseme, mtoto akifika umri wa kutafuta kazi anakwama. Sasa mtoto kama yule apite mbele ya maktaba nayo imwambie lete karatasi? Mie nikisikia "barua ya sheha" nnawakumbuka wale.

mama_shifti
Jamani mimi ndo hao watu wa bara mnaowajadili 😂 natokea Mwanza, nipo hausikipingi kwenye hoteli moja huku huku pwani. Maktaba ya huku ninapokaa naiona kila siku kwa nje, ikiwa wazi mimi natandika vitanda, nikitoka shifti saa kumi wameshafunga. Na mlangoni pana baraza wamejaa vijana, ukiwa mwanamke na ni mgeni unaona haya kupita katikati yao. Riwaya sitaki. Nataka mtu wa kunisomea mkataba wangu, ni kurasa nyingi za Kiingereza, nilisaini nimesimama pale mapokezi bosi ananionesha kwa kidole sehemu ya kuweka saini, mpaka leo sijui likizo yangu ni ya siku ngapi. Nataka na pa kuchapa sivii. Halafu hivyo vitabu vya Kitaliana mnavyotaka kununua, wageni wakiondoka wanaviacha vyumbani, Kitaliana, Kijerumani, Kipolandi, sisi tunavirundika stoo panya wanatafuna. Njooni mchukue bure!

nipo_Queens
Dada wa shifti kamaliza. Mie nipo Queens, New York, maktaba ya huku ina programu ya wahamiaji tangu 1977. Vitabu vya lugha za watu vipo, lakini kuna na madarasa ya Kiingereza, na semina kwa lugha zao wenyewe juu ya sheria, afya, skuli za watoto. Mtu anakuja kwa shida yake, kitabu anakiona akiwa keshakaa. Huko kwenu lugha ya kufundishana ni Kiswahili, wekeni jioni moja kwa wiki Mpolandi na Mmaasai wakae mkeka mmoja wazungumze. TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, wana uzoefu mkubwa wa kufundisha wageni, siku hizi iko ndani ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, waombeni wanafunzi wa kujitolea. Vya watoto ingieni tovuti ya African Storybook, kuna hadithi za bure kwa Kiswahili, Kimaasai na lugha nyengine kibao za Afrika na ruhusa ya kuzichapa ipo, mnapiga stepla tu.

Mwalimu_Kusini
Ahsanteni sana. Nimeongea na mwenyekiti, barua ya sheha tunaifuta kwa anaesoma ndani, kuazima bado tunavutana. @mama_shifti kwa hilo la baraza, kwetu pana mlango wa nyuma upande wa skuli, tutaufungua, na kuna mwalimu wa Kiingereza kakubali kukaa Jumanne baada ya laasiri kusomea watu mikataba na fomu. Vitabu vya hoteli ntakuja na gari ya ng'ombe ikibidi 😅. Iliobaki ni umeme, tukifunga saa mbili usiku Tukuza (umeme wa kulipia kabla) atatia nani, kamati wanasema hawana fungu.

mpemba_halisi
Mie bado sijakubaliana na nyie. Ila namba ya mita nitumie inboksi, ya mwezi huu ntatia.