Geji inasoma kilo, bomba PN, pampu mita: nalinganishaje?

Ihumwa_Maji
Wadau, habari za leo. Kisima kiko Ihumwa, maji yapo mita 48 chini ya mdomo na hayashuki sana pampu ikivuta. Kibati cha pampu ya kuzamisha kinasema mwisho wake mita 94. Geji ya pale mdomoni ina mistari ya kg/cm² na psi. Maji yakipanda kwenye tenki la kilimani, mita 25 juu ya kisima, inasoma 2.8 na 40. Nikifunga valvu inasimama 4.6 na 65. Hizo 94 zimeishia wapi? Dukani wamenishauri bomba jeusi la plastiki (HDPE), daraja la presha PN 6, kuanzia kwenye pampu hadi tenki. Litahimili? Na mwinuko wa Dodoma unabadili hesabu?

Fundi wa Presha
Hazijapotea. Kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni mita 10 za maji, kwa hiyo 4.6 ni mita 46. Jumlisha 48 za kisimani: 94. Pampu nzima kabisa. Ile 2.8 ni mita 28, yaani 25 za kilima na 3 za msuguano bombani. Ikianza kusoma 3.5 na tenki liko palepale, kagua valvu na uchafu.

Psi gawa kwa 14.5 upate bar, au kwa 14.22 upate kilo. Bar 1 ni kPa 100, sawa na mita 10.2. Kilo na bar zinapishana asilimia 2 tu, geji za kawaida zenyewe hukosea kuliko hapo. Kosa linaloumiza ni la MPa: 0.6 MPa ni bar 6, si 0.6.

Na usikae umefunga valvu, sekunde chache zinatosha. Mota inapozwa na maji yanayopita.

Bomba_Mnyororo
Mkuu, hapo kwenye PN 6 simama kwanza. Ni bar 6 maji yakiwa nyuzi 20. Mdomoni unafika bar 4.5, sawa. Lakini kule chini pampuni, valvu ikifungwa, bomba linabeba mita 94 zote, bar 9.2. Kisimani weka PN 12.5, PN 10 inapita kwa shida, na kishindo cha maji pampu inapozima hakijahesabiwa.

La kilimani lizike. Bomba likiachwa juani likafika nyuzi 40, uwezo wake hubaki takriban 0.74. PN 6 inakuwa bar 4.4, chini ya hiyo 4.5 yako.

Fundi wa Presha
Kuhusu mwinuko: geji inahesabu kuanzia hewa iliyopo, kwa hiyo hapana. Dodoma mjini, kama mita 1,120, hewa ni bar 0.89 hivi badala ya 1.013. Inamhusu mwenye pampu ya juu inayofyonza: hata kwa nadharia haivuti zaidi ya mita 9, kazini panga 6. Yako inasukuma kutoka chini.