IPK ilikufaje? Naomba waliokuwepo Mombasa 1992 wanieleze

Mwanakilifi97:
Asalaam aleikum wazee wa Mombasa. Mimi nimezaliwa 1997, kwa hiyo IPK naisikia tu. Babangu akisikia jina la Islamic Party of Kenya hutikisa kichwa, ukimwuliza zaidi anaomba chai. Nilichosoma ni kwamba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee halali, kilifutwa Desemba 1991, Januari 1992 vijana wa Mombasa wakatangaza chama, na serikali ikakataa kukisajili kwa kuwa ni cha dini. Miaka michache baadaye hakipo. Je, kilikufa kwa kunyimwa usajili? Ama kuna jambo watu hawapendi kulisema?

FundiBondeni:
Aleikum salaam mwanangu. Lipo jambo, na babako analijua.

1992 nilikuwa mwanagenzi wa ushonaji karibu na Mwembe Tayari, nashona kanzu na kutia vifungo. Ikisha swala ya alasiri, tajiri wangu alikuwa akiurudisha mlango nusu ili tusikie vizuri, maana Sheikh Khalid Balala alikuwa akihutubia pale uwanjani. Watu wengi hudhani yeye ndiye aliyekianzisha chama. Siye. Walioanzisha walikuwa vijana waliosoma, watu wa makaratasi na mikutano. Balala alikuja na mdomo, na mdomo wake ukawameza wote. Alikuwa amesoma Madina, lakini pale kiwanjani alisema Kiswahili cha sokoni: bandari ni yetu na kazi tunapewa nani, mtoto wa Kiislamu akienda kuomba kitambulisho anaulizwa babu yake alizikwa wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudishwa mara tatu kwa kitambulisho hicho. Ungekuwa mimi usingesimama usikilize?

Kunyimwa usajili kulikipa chama uhai, mwanangu. Kila walipokataliwa uwanja ulijaa zaidi. Mei ile wahubiri wakakamatwa, vijana wakaenda kudai waachiliwe, na mji ukawa moshi na mabomu ya machozi. Sisi tulijifungia dukani na majora ya vitambaa tumeyaloweka maji tukiyaziba chini ya mlango. Tajiri alilia kwa sababu ya vitambaa, si kwa sababu ya moshi.

Shida ya usajili niliiona siku ya kura, tarehe 29 Desemba. IPK ilikuwa imekubaliana na FORD-Kenya, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, wagombea wapitie huko. Nyanya yangu hakujua kusoma. Njiani ananiuliza, "Hiyo IPK picha yake gani?" Nikamwambia haina picha, nyanya, wewe tia kwa simba, alama ya FORD-Kenya. Akasimama katikati ya njia. "Simba si ni wa Wajaluo?" Sijui hadi leo alitia wapi. FORD-Kenya ilipata viti viwili Mombasa kwa nguvu za IPK, lakini walioingia bunge waliingia kwa jina la simba.

Sasa lile jambo lisilosemwa. 1993 kikazuka kikundi cha United Muslims of Africa, UMA, cha Omar Masumbuko, na kila mtu aliuona mkono wa KANU, chama tawala, nyuma yake. Hawakusema Uislamu ni mbaya. Walisema IPK ni ya Waarabu, na Mwislamu mweusi hana haki humo. Hapo ndipo kisu kilipopita, kwa sababu mshono huo ulikuwepo kabla yao. Mimi fundi najua, nguo huchanika pale ilipounganishwa. Dukani tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na mwenzangu Mdigo wa Likoni, Mwislamu mweusi, tunakula sinia moja. Wiki moja tu, akaanza kuja na chakula chake kwenye kopo.

BintiLamu:
Fundi umeeleza vizuri lakini umempaka sheikh asali. Sisi tuliokuwa nyumbani tulisikia maneno mengine: vitisho, fatwa juu ya wanasiasa wa KANU, watu kuitwa wanafiki. Ilifika mahali viongozi wenzake wa IPK wakajitenga naye. Na wanawake mlituuliza nini? Mabishano ya sheria ya urithi, ile iliyoanza kutumika 1981 mpaka Waislamu tukaondolewa ndani yake 1990, yalituhusu sisi kuliko nyinyi, na sikuona mwanamke hata mmoja akipewa kipaza sauti Mwembe Tayari.

FundiBondeni:
Bi, umesema kweli na sibishi. Hilo la kipaza sauti hata halikunipitia akilini wakati ule, nikueleze wazi. Na maneno makali yalikuwepo. Tulikuwa tunayapigia takbir.

Nimalizie. Mwisho wa 1994 Balala alikuwa Ulaya, pasipoti yake ikaisha, serikali ikakataa kuifanya upya, ikidai ni Myemeni. Unaona? Ni neno lilelile la UMA, safari hii lina muhuri. Alikaa Ujerumani hadi 1997. Chama kilichosimama juu ya mdomo mmoja, mdomo ukiwa Ujerumani, kiwanjani kunabaki nini? Wachuuzi wa mitumba. Jaramogi naye alikufa Januari 1994, na hata kabla hajafa alikuwa ameanza kuongea lugha ya kushirikiana na KANU. Tulikuwa tumekodi nyumba ya mtu, mwenye nyumba akaihama.

MzaramoHalisi:
Huku Tanzania sheria ya vyama ya 1992 nayo ilikataza vyama vya dini toka mwanzo, kwa hiyo hatukuwa na IPK. Lakini CUF, chama cha upinzani, walivyopakwa rangi ya Uislamu miaka ya tisini, nakwambia kaka, huna haja ya kusajili chama cha dini ili uitwe chama cha dini.

Mwanakilifi97:
Shukran sana. Nimeona Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Fundi, ungepata nafasi leo ungelikataa hilo? Na yule mwenzako wa Likoni aliishia wapi?

FundiBondeni:
La katiba nililipigia kura ya ndiyo mwenyewe, nikiwa nimevaa kanzu niliyoishona. Dini na rangi zimeandikwa mstari mmoja pale, nami nilikuwa nimeshaona zinavyotumiana.

Mwenzangu ana duka lake sasa, Likoni, anashona sare za shule. Nikizidiwa kazi mwezi wa Ramadhani namvushia kanzu kwa feri, naye akizidiwa mwezi wa Januari ananiletea sare. Lile la kopo hatujalitaja hata siku moja.